TAIRI LA THELUJI KATIKA MATOPE YA MWERU

Msomaji akikiona kichwa cha habari hii pengine atacheka na kuuliza: theluji na Ziwa Mweru wapi na wapi? Swali lake ni la haki. Ziwa hilo liko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta, na ingawa liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, hapana mtu wa Nchelenge aliyepata kuamka asubuhi akakuta theluji mlangoni pake. Hata hivyo tairi la theluji limefika huku, tena limefika likiwa kuukuu. Nenda sokoni Kashikishi ukayatazame magari yanayongoja abiria na samaki. Si ajabu ukaona ubavuni mwa tairi mojawapo herufi mbili, M na S, na karibu nazo picha ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake.

Herufi hizo zimetolewa katika maneno mawili ya Kiingereza, nayo maana yake ni matope na theluji. Hapo ndipo kicheko kinapokoma. Theluji hatuna, lakini matope tunayo kuanzia Novemba mpaka Aprili, kwa kuwa nchi hii ya Luapula hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka. Basi mwenye gari huiona ile herufi M akajiambia: tairi hili ndilo hasa la masika yetu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, litaendelea kuwa kweli mpaka lini? Maswali haya yafaa tuyajibu vizuri, maana juu ya jibu lake hukaa watu pamoja na mizigo yao.

Watu wa pwani wakisikia jina la Kilwa hukumbuka magofu ya Kilwa Kisiwani. Kilwa ya huku ni nyingine. Ni kisiwa cha Zambia ndani ya Ziwa Mweru, na ng'ambo yake, katika Kongo, uko mji wenye jina hilohilo ambako biashara husemwa kwa Kiswahili. Kisiwani chombo cha majini ndicho chenye kazi, wala tairi halina neno kubwa. Lakini samaki wakishavushwa hadi Nchelenge, safari yote iliyobaki ni ya magurudumu: Mwansabombwe, Mwense, Mansa, kisha Chembe, ambako daraja la Mto Luapula lilifunguliwa mwaka 2008 badala ya pantoni ya zamani, kisha kipande cha nchi ya Kongo, mpaka Mufulira na miji mingine ya shaba. Barabara kubwa itokayo Mansa ina lami. Njia za pembeni ziendazo vijijini na kwenye kambi za wavuvi ni za udongo mwekundu au za mchanga. Kwa hiyo tairi lilelile, kwa siku moja, hutakiwa liyaweze mambo matatu: mchanga wa kandokando ya ziwa, utelezi wa udongo, na lami iliyolowa maji.

Sasa tairi la theluji lilifikaje hapa? Magari mengi ya Zambia ni yale yaliyokwisha kutumika Japani, kwa sababu katika nchi zote mbili gari hupita upande wa kushoto wa barabara. Mengi hushushwa Dar es Salaam, yakaletwa kwa njia ya Tunduma na Nakonde. Kaskazini ya Japani baridi ni kali, na watu wa huko hubadili matairi kila mwaka: majira ya baridi yakikaribia huyatoa ya kiangazi na kutia ya theluji. Zamani matairi yao ya theluji yalikuwa na misumari, lakini misumari ile ilichimbua lami ikafanya vumbi baya mijini, hata mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuikataza. Tangu hapo watu hutumia tairi lisilo na misumari, lenye mpira laini sana na mikato myembamba kama nywele. Gari likiuzwa mara nyingine huondoka na matairi hayohayo, na muuzaji hana sababu ya kulivisha mapya. Ndivyo kitu kilichotengenezwa kwa barafu kinavyokuja kumalizia umri wake katika jua la Luapula. (Kwa kadiri ijulikanavyo, tairi la kwanza la theluji lilitengenezwa Ufini mwaka 1934, nalo halikuwa la motokaa ya tajiri bali la lori, kwa kuwa malori ndiyo yaliyokuwa yakikwama.)

Tuangalie kwanza tairi lolote lilivyo. Uso wake unaogusa ardhi una pande za mpira zilizoinuka, ambazo madereva wengi huziita kashata, labda kwa kufanana na vipande vya kashata vilivyokatwa katika sinia. Kati ya kashata ipo mifereji. Watu hudhani kwamba kashata ndizo zifanyazo kazi yote na mifereji ni nafasi tupu tu. La, hasha. Katika barabara kavu tairi lisilo na mfereji hata mmoja lingeshika vizuri sana, na magari ya mashindano hutumia matairi ya namna hiyo jua likiwaka. Mfereji umewekwa kwa ajili ya maji. Tairi linapokanyaga lami yenye maji, maji hayo hayana budi kupata mahali pa kwenda. Mifereji ikiwa na kina, maji huingia humo na kutupwa pembeni. Mifereji ikiwa imekwisha, maji hubaki chini ya tairi, na mwendo ukizidi hulinyanyua kabisa. Hapo usukani huwa mwepesi mkononi kama uliofunguliwa, breki hazina la kushika, na gari huenda litakako lenyewe.

Mwaka 1963 wataalamu wa shirika la Marekani la safari za anga, NASA, waliokuwa wakichunguza matairi ya ndege, walionyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea hutegemea sana nguvu ya upepo uliomo ndani yake. Kwa hesabu yao, tairi kipara lenye upepo wa 32 kwenye geji, yaani ratili 32 kwa inchi ya mraba, huelea katika maji mengi kwenye mwendo wa karibu kilomita 94 kwa saa. Upepo ukishuka hadi 24, huelea kwenye kilomita 82 hivi. Dereva aliyepunguza upepo ili apite mchangani, kisha akafika kwenye lami bila kuurudisha, amejipunguzia kilomita 12 za usalama wala hajui. Isitoshe, tairi lenye upepo mdogo hupindika ubavu kila linapozunguka, likapata moto, na likiwa na mzigo mzito juu yake hupasuka.

Katika matope mambo ni mengine kidogo. Udongo haukimbii upesi kama maji. Huingia katika mifereji ukaganda humo, na tairi lililojaa udongo ni sawa na tairi kipara, hata kama limenunuliwa jana. Dawa yake ni mifereji mipana yenye kina, ili tairi likizunguka liutupe udongo na kushika tena. Na hapa tairi la theluji la Japani huanza kuonyesha kwamba halikufanywa kwa ajili yetu. Mikato yake myembamba ni mizuri mno juu ya barafu, lakini udongo mwekundu huiziba mara moja. Tena herufi zile M na S huandikwa kwa neno la mtengenezaji tu, bila jaribio lolote. Picha ya mlima ndiyo hutolewa baada ya jaribio, nalo ni jaribio la theluji, wala si la matope. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: tairi hilo likiwa jipya litakusaidia kiasi, kwa sababu mifereji yake ina kina. Likiwa limelika, halina fadhili yoyote kuliko tairi jingine.

Swali la pili ni refu zaidi, la kujua limelika kiasi gani.

Tairi jipya la motokaa ndogo huwa na mifereji ya kina cha karibu milimita 8. Uingereza, tangu mwaka 1992, sheria imekataza kina kisichofika milimita 1.6, kabla ya hapo ilikuwa milimita 1. Kipimo hicho cha 1.6 kimekuwa cha nchi nyingi, na watengenezaji hulitia kila tairi alama yake: vijiti vifupi vya mpira vilivyolala chini ya mifereji. Ili kuviona, tafuta kwenye bega la tairi herufi TWI au pembetatu ndogo, kisha fuata mstari wake mpaka ndani ya mfereji. Kijiti hicho kikilingana na uso wa kashata, tairi limekwisha. Si kwamba linakaribia kwisha, limekwisha.

Lakini nchi za theluji hazingoji mpaka hapo. Ufini na Uswidi hutaka tairi la majira ya baridi liwe na milimita 3 kwa uchache, na Austria hutaka 4. Waaustria hawasemi kwamba tairi la milimita 3 limekufa. Husema si tairi la theluji tena, na mwenye nalo aweza kulitumia siku za joto. Naona akili yao hiyo yatufaa sana sisi. Tairi halifi siku moja. Hufa kwa matope kwanza, kisha kwa lami yenye maji, na mwisho kabisa kwa barabara kavu. Mtu asemaye kwamba tairi lake bado zima kwa sababu lilimfikisha Mansa na kumrudisha mwezi wa Agosti, amesema kweli juu ya Agosti tu. Mimi ningekishika kipimo cha Waaustria, milimita 4, kwa gari litakalopita njia za udongo wakati wa masika, na milimita 3 kwa gari lisiloacha lami. Ile 1.6 ni mpaka wa sheria. Mvua haina habari nayo.

Tairi la Japani la theluji lina alama ya pili ambayo wengi hawaijui. Pamoja na vijiti vile vya chini, kuna vingine vilivyoinuka zaidi, navyo huonyeshwa ubavuni kwa mshale mdogo. Uso wa tairi ukifika hapo maana yake ni kwamba nusu ya kina imekwisha kulika, na huko kwao tairi hilo huondolewa katika kazi ya theluji. Ukikuta mshale huo, na kashata zimelingana na vijiti vyake, umepata habari kamili: hili lilikwisha kustaafu kabla ya kupanda meli.

Kupima hakuhitaji chombo cha bei. Chukua kijiti cha kiberiti, vunja kichwa chake, ukisimamishe ndani ya mfereji hata kiguse chini, pasipo vile vijiti vya alama. Weka ukucha pale kinapolingana na uso wa kashata, kisha ukilaze juu ya rula ya shule na usome milimita. Fanya hivyo upande wa ndani, katikati na upande wa nje, tena mahali patatu katika mzunguko wa tairi. Upande wa ndani ndio unaosahauliwa, kwa maana hauonekani mtu akisimama kando ya gari. Usukani lazima ukatwe kwanza, au mtu alale chini. Ukipata namba mbalimbali usitafute wastani kama katika hesabu za darasani. Shika iliyo ndogo kuliko zote, kwa kuwa ndiyo itakayokutana na maji.

Namba hizo hueleza pia ugonjwa wa gari. Katikati pakiwa pamelika kuliko kando, upepo ulikuwa mwingi mno. Kando zote mbili zikilika na katikati pakabaki, upepo ulikuwa mdogo, au mzigo ulizidi. Upande mmoja ukilika peke yake, magurudumu hayakunyoka, na kununua tairi jipya kabla ya kuyanyosha ni kutupa fedha. Uso ukiwa na mabonde mabonde, tazama shokamzoba.

Kuna tairi lenye kina kizuri ambalo nalo halifai, nalo ni lile lililozeeka. Mpira hukauka kwa jua, joto na hewa yenyewe, hata kama gari limeegeshwa tu. Ubavuni tafuta herufi DOT, na mwisho wa mfululizo wake tarakimu nne ndani ya mviringo mrefu. Ukisoma 2318, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2018. Tarakimu zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hapo hapana haja ya kupima kina. Watengenezaji wengi hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka baada ya miaka 5, na liondolewe likifika 10 hata kama lang'aa. Nyufa ndogo katika mizizi ya kashata na ubavuni ni dalili ya uzee. Uvimbe ubavuni ni jambo baya zaidi, kwani nyuzi za ndani zimekatika na upepo unatafuta pa kutokea. Tairi hilo lisimalize hata safari ya leo.

Kwa tairi la theluji uzee una hila yake. Mpira wake ulichanganywa ubaki laini katika baridi ya chini ya nyuzi 7, ambamo mpira wa kawaida hukakamaa. Katika joto la Oktoba la Nchelenge, ulaini huo huwa udhaifu: kashata huyumba, breki huchukua mwendo mrefu zaidi kusimamisha gari, na tairi hulika upesi. Kisha likikaa miaka kadhaa juani hukauka na kuwa gumu, na mtu huliona gumu akafurahi, akidhani ni imara. Kumbe limepoteza kitu kimoja ambacho lilikuwa nacho kuwashinda wenzake.

Watu wana njia zao za kurefusha maisha ya tairi. Wako wanaochukua kisu cha moto wakachonga mifereji mipya katika tairi kipara. Baadhi ya matairi ya malori yametengenezwa yenye mpira wa akiba kwa kazi hiyo, nayo huandikwa ubavuni neno REGROOVABLE. Tairi la motokaa ndogo halina akiba hiyo. Kisu hufika karibu na nyuzi za chuma, maji hupenya, kutu ikaanza, na uzuri wa mifereji ile mipya ni wa kumdanganya mnunuzi na askari wa barabarani. Wengine wakipata matairi mawili mazuri huyatia mbele, ili dereva ayaone na usukani ushike. Ni desturi iliyoenea, lakini kinyume chake ndicho sahihi. Matairi ya mbele yakiteleza, gari huelekea kwenda moja kwa moja, na dereva akipunguza mwendo huenda likashika tena. Ya nyuma yakiteleza gari hugeuka ubavu, na hapo madereva wachache sana huweza kulirudisha.

Nasema haya katika gazeti la shule kwa sababu wanafunzi ni abiria, wala mara nyingi hawaulizwi wanapandishwa gari gani. Wilaya ya Kawambwa ni jirani na Nchelenge. Mwezi wa Aprili 2005 wanafunzi zaidi ya 30 wa shule ya sekondari ya huko walikufa, lori lililokuwa likiwapeleka makwao likizoni lilipopinduka. Sisemi kwamba matairi ndiyo yaliyosababisha. Sitaki kulaumu kitu ambacho hakikuthibitishwa. Nasema tu kwamba shule hufungwa na kufunguliwa kwa tarehe zilizopangwa, na tarehe za Desemba na Aprili zimo ndani ya mvua. Zambia inao wakala wa usalama barabarani, RTSA, uliowekwa na sheria ya mwaka 2002, nao hukagua magari. Lakini cheti cha ukaguzi husema gari lilikuwaje siku ile lilipokaguliwa, na kati ya siku hiyo na siku ya safari matairi huweza kubadilishwa.

Ugumu wenyewe ni fedha. Mwenye lori hununua tairi kwa faida ya samaki, na mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, si kila mtu ana akiba. Anayeamua ni mwenye mali. Anayekaa juu ya magunia ni mwingine. Ndiyo sababu naona vema utingo na abiria nao wajue kupima. Mvulana mwenye njiti ya kiberiti na rula hawezi kumwamuru dereva, lakini aweza kumwamkia kwa adabu na kusema, "Mzee, tairi la nyuma kushoto lina milimita 1 upande wa ndani." Dereva mwenyewe aghalabu analijua jambo hilo, tena limemkera siku nyingi. Neno la abiria humpa kitu cha kumpelekea tajiri wake. Na abiria wakiwa watatu au wanne waliosema neno lilelile, kisha wakashuka, tajiri husikia hata akiwa Mansa.

Tairi likishaondolewa lisiachwe zima nyuma ya karakana. Maji ya mvua hukaa ndani yake na mbu hutaga humo, na tena lipo jambo la pili lililo baya zaidi: baada ya miezi miwili mtu mwingine huliokota, akalipaka rangi nyeusi na kuliuza. Likatwe mbavu zote mbili siku hiyohiyo. Mshona katambuga atalinunua hata likiwa vipande, na mpira laini wa Japani, ingawa haudumu, ni mzuri kuvaa.